Kulipia Krayoniki kwa Bima ya Maisha: Tathmini ya Mpango Wenye Mikataba Miwili

Mtu anayetaka mwili wake uhifadhiwe katika baridi kali baada ya kufariki, kwa tumaini kwamba tiba ya siku zijazo itaweza kumrudisha, hukutana na swali la fedha kabla hajafika kwenye swali la sayansi. Huduma hiyo, inayoitwa krayoniki, inahitaji fedha nyingi kwa mkupuo, tena siku ambayo mteja mwenyewe hayupo tena kuzitafuta. Jibu ambalo vituo vya Marekani vimelizoea kwa miongo kadhaa ni bima ya maisha: mteja hulipa ada kidogo kidogo akiwa hai, kituo huandikwa kuwa mnufaika, na mteja anapofariki kampuni ya bima hukilipa kituo kiasi kilichotajwa kwenye hati. Nimeupitia mpango huu kwa miezi kadhaa, nikisoma mikataba ya pande zote mbili na kujaza fomu za maombi hadi ukurasa wa mwisho, na ninauchambua hapa kama ambavyo ningechambua bidhaa nyingine yoyote ya fedha.

Kuhusu sayansi yenyewe nitasema machache tu. Hakuna binadamu aliyewahi kugandishwa kwa njia hii kisha akarudishwa akiwa hai. Kilichofanikiwa ni viungo: figo ya sungura iliyopozwa hadi majimaji yake yakawa kama kioo bila kufanya barafu, kisha ikapashwa joto na kupandikizwa, kama ilivyoripotiwa mwaka 2009, na figo za panya ambazo watafiti wa Chuo Kikuu cha Minnesota walizihifadhi hadi siku 100 na kuzipandikiza, kazi iliyochapishwa mwaka 2023. Kutoka figo ya panya hadi ubongo wa mtu ni safari ndefu mno, na anayekata bima kwa ajili hii anapaswa kujua kwamba ananunua nafasi ndogo isiyojulikana ukubwa wake. Mimi sina ugomvi na mtu anayetaka kuinunua. Ugomvi wangu ni kwa namna anavyouziwa.

Bei zenyewe zinatofautiana kiasi cha kumshangaza mgeni. Alcor, iliyoanzishwa mwaka 1972 na ambayo makao yake yako Scottsdale katika jimbo la Arizona, kwa miaka mingi baada ya 2011 ilitangaza kima cha chini cha dola 200,000 kwa kuhifadhi mwili mzima na dola 80,000 kwa kuhifadhi kichwa pekee, kwa hoja kwamba kumbukumbu na nafsi ya mtu vimo katika ubongo. Cryonics Institute, iliyoanzishwa Michigan mwaka 1976 na Robert Ettinger, mwalimu wa fizikia aliyelieneza wazo hili katika miaka ya 1960, imekuwa ikitoza dola 28,000 kwa mwanachama wa kudumu na dola 35,000 kwa mwanachama anayelipa ada ya kila mwaka. Upande wa Ulaya, Tomorrow Bio ya Berlin, ambayo hifadhi yake iko Rafz nchini Uswisi, imetangaza euro 200,000 kwa mwili mzima.

Anayezilinganisha tarakimu hizi asidhani kwamba 28,000 na 200,000 ni bei mbili za kitu kimoja. Kiasi cha Alcor kinajumuisha kikosi kinachosubiri karibu na kitanda cha mgonjwa, kinachoanza kazi ya kuupoza mwili mara tu kifo kinapotamkwa. Kiasi cha Cryonics Institute hakikijumuishi, na mwanachama anayekihitaji hulazimika kuingia mkataba mwingine na kampuni nyingine, kwa fedha zinazoweza kuzidi gharama ya hifadhi yenyewe. Kwa mkata bima jambo hili ni zito, kwa sababu akikata bima ya 28,000 akidhani amemaliza, atakuwa amelipia tanki la kuhifadhia mwili bila kulipia safari ya kufika kwenye tanki.

Kwa nini fedha zitakiwe zote kwa pamoja, badala ya ndugu kulipa kila mwaka kama wanavyolipa pango? Jibu liko katika historia, na ni historia chungu. Mtu wa kwanza kugandishwa kwa lengo hili alikuwa James Bedford, profesa wa saikolojia aliyefariki kwa saratani tarehe 12 Januari 1967. Aliyeongoza kazi hiyo alikuwa Robert Nelson, fundi wa televisheni na rais wa chama cha krayoniki cha California. Baada ya Bedford, Nelson aliendelea kupokea miili na kuiweka katika chumba cha chini ya ardhi kwenye makaburi ya Chatsworth, akitegemea michango ya ndugu wa marehemu. Mwanzoni michango ilikuja. Kisha baadhi ya ndugu wakachoka, wengine wakaishiwa, nitrojeni ya kupozea miili ikakosa kununuliwa, na mwaka 1979 ikafahamika hadharani kwamba miili 9 ilikuwa imeyeyuka na kuoza. Bedford alinusurika kwa sababu familia yake ilikuwa imemwondoa mapema mikononi mwa chama hicho, na leo yupo Alcor. Katika waliogandishwa kabla ya mwaka 1974, ndiye pekee aliyebaki.

Somo ambalo vituo vilivyofuata vililichukua ni kwamba huzuni ya ndugu si chanzo cha mapato cha kutegemewa kwa karne nzima. Ndiyo maana sasa kituo hudai kiasi chote mara moja, hukiwekeza, na kutumia faida tu. Katika mgawanyo wa Alcor wa zile dola 200,000, dola 115,000 ziliingia katika mfuko wa amana wa kuwatunza waliohifadhiwa, ambao tangu mwaka 1997 umetengwa kisheria na fedha za uendeshaji. Dola 60,000 zililipia kazi ya kuhifadhi, na dola 25,000 zililipia kikosi cha kusubiri. Kwa kichwa pekee, amana ilipata dola 25,000. Nilipiga hesabu yangu mwenyewe: mfuko ukitumia asilimia 2 tu ya amana kwa mwaka ili mtaji usiliwe, mwili mzima unapata dola 2,300 za matunzo kila mwaka na kichwa kinapata dola 500.

Fedha hizo zinaonekana kidogo mpaka mtu aelewe tanki linavyofanya kazi. Ni silinda ya chuma cha pua yenye kuta mbili na ombwe katikati, yaani chupa ya chai kubwa inayomzidi mtu kimo, na haitumii umeme wowote. Ndani yake watu wanne husimamishwa kichwa chini miguu juu, na nafasi iliyobaki katikati huwekwa vichwa. Nitrojeni ya kimiminika, yenye nyuzi 196 chini ya sifuri, huchemka polepole na kupungua, na mhudumu huiongeza. Wamegeuzwa kichwa chini kwa sababu nitrojeni ikipungua kwa ajali, miguu ndiyo itakayoanza kupata joto na kichwa kitakuwa cha mwisho. Maelezo hayo madogo yalinifanya niwaamini wahandisi wa jambo hili kuliko kurasa zote za matangazo, kwa sababu ni watu waliokaa wakafikiri nini kitaharibika kwanza.

Nilitamani wauzaji wa bima nao wangekaa wakafikiri hivyo hivyo, kwa kuwa upande wa bima ndiko nilikokuta uzembe mwingi zaidi. Bima ya maisha si kitu kimoja. Iliyo rahisi kuliko zote ni bima ya muda maalumu, ambayo mtu huilipia kwa miaka 20 au 30. Akifariki ndani ya muda huo inalipa, akiuvuka haipo tena. Kwa mzazi anayetaka watoto wake wasome hata akifa mapema, hiyo ni bima nzuri sana. Kwa krayoniki ni mtego, kwa sababu mtu anayependa kuishi kiasi cha kutaka kugandishwa ndiye yule yule atakayejitunza, ataacha sigara, na atafika miaka 85 akiwa na mkataba uliokwisha muda miaka mingi nyuma. Wakati huo bima mpya itakuwa ghali kupindukia au haitapatikana kabisa. Bei yake ya chini ndiyo inayowavuta vijana, na nimeona ikipendekezwa kama mahali pa kuanzia. Naikubali kwa sharti moja tu, kwamba mkataba uwe na haki ya kuugeuza kuwa wa maisha yote bila kupimwa afya upya, na mteja aandike mahali anapopaona tarehe ya mwisho ya kuitumia haki hiyo.

Iliyo imara ni bima ya maisha yote, ambayo ada yake haibadiliki na malipo yake yamehakikishwa hata mtu akifa na miaka 99. Kasoro yake ni bei, kwani ada huwa kubwa mara nyingi zaidi ya ile ya muda maalumu. Katikati ya hizo mbili kuna bima ya maisha yenye ada inayonyumbulika, ambayo ndiyo iliyopendekezwa kwangu kwa bashasha zaidi, na ndiyo ninayotaka kuielezea kwa karibu.

Wakala aliyenihudumia alinipa jedwali la makadirio lenye kurasa sita. Kila mstari ulikuwa mwaka mmoja wa umri wangu, na mbele yake safu mbili: ya kulia ikionyesha akiba iliyomo kwenye mkataba endapo riba itakuwa ile kampuni inayotarajia, ya kushoto ikionyesha kiasi kilichohakikishwa. Hadi umri wa miaka 60 safu hizo zilikwenda pamoja kama ndugu. Kisha ya kushoto ikaanza kunywea, kwa kuwa gharama ya kumkatia bima mzee hupanda kila mwaka na hukatwa kutoka kwenye ile akiba. Kwenye mstari wa miaka 79 ilisomeka sifuri, na kuanzia hapo hadi chini ya ukurasa hapakuwa na tarakimu yoyote, ila vistari vifupi. Nilimwekea kidole pale nikamuuliza vistari hivyo vina maana gani.

“Maana yake ni kwamba mkataba umekatika,” alijibu, “lakini hiyo ndiyo hali mbaya kabisa, ndugu yangu. Haitatokea.”

Huenda haitatokea kweli. Lakini bidhaa ambayo sababu yake ya kuwepo ni kulipa siku nisiyoijua haiwezi kuwa na mstari ambao baada yake hakuna kitu. Mtu mwenye miaka 79 anayeletewa barua kwamba ada yake imepanda mara nne ama atalipa kwa kuuza mali, ama ataachia mkataba ufe baada ya kuulipia miaka 40. Akiuachia, krayoniki yake nayo imekufa. Nilipodai kipengele cha uhakika kwamba mkataba hautakatika iwapo nitalipa ada niliyopangiwa bila kukosa, kilipatikana, na ada ikapanda kiasi. Kipengele hicho ndicho kitu cha kwanza ambacho ningemwambia mtu yeyote akiulizie, tena akiulizie kabla hajataja krayoniki.

Hata kwa mkataba usiokatika kuna jambo ambalo bima haiwezi kulitibu, nalo ni kupanda kwa bei. Hati ya bima huandikwa kiasi kimoja leo, ilhali gharama ya nitrojeni, madaktari, ndege na wanasheria haisimami kumsubiri mteja. Kwa mfumuko wa bei wa asilimia 3 kwa mwaka, dola 80,000 baada ya miaka 40 zitakuwa na uwezo wa kununua wa dola 24,500 hivi za leo. Hili si la kudhania: Alcor yenyewe ilipandisha kima cha mwili mzima kutoka dola 150,000 hadi 200,000 mwaka 2011, na wanachama waliokata bima zamani walijikuta na hati zilizopungukiwa. Kijana wa miaka 30 anayekata bima ya kima cha chini kabisa amenunua nguo ya mtoto akitarajia kuivaa uzeeni. Inafaa akate bima inayozidi kima hicho kwa kiasi kikubwa tangu mwanzo, wakati ujana na afya yake vinafanya nyongeza iwe nafuu, au achukue kipengele cha kuongeza kiasi kila baada ya miaka kadhaa bila vipimo. Kuhusu vituo, ningependa viseme bayana kwenye ukurasa wa kwanza wa mkataba kwamba kima cha chini ni cha leo, si cha siku ya kufa. Nilikuta maneno hayo, lakini yalikuwa mbali na ukurasa wa kwanza.

Upimaji wa afya unapita haraka kwa aliye mzima. Kampuni huuliza kuhusu sigara, magonjwa ya kurithi, dawa na kazi za hatari, huchukua damu na mkojo, kisha hutaja ada. Haiulizi sana fedha zitatumikaje, kwa kuwa kwake kifo ni kifo kikishathibitishwa kwa cheti. Jambo linaloweza kuleta usumbufu ni jina la mnufaika. Kampuni za bima hutaka kuona kwamba mnufaika ana sababu halali ya kufaidika, na ofisa asiyewahi kuisikia krayoniki anaweza kushangaa kwa nini urithi unakwenda kwa taasisi ya mbali badala ya mke, mume au mtoto. Kilichonisaidia ni kuwa mimi mwenyewe ndiye mwenye mkataba na ndiye niliyekitaja kituo kuwa mnufaika, nikiambatanisha nakala ya makubaliano ya hifadhi. Taasisi ingejaribu kunikatia bima yenyewe, mlango ungekuwa mwembamba zaidi. Usiri haufai hapa hata kidogo. Katika majimbo mengi ya Marekani kampuni ina miaka miwili ya mwanzo ya kuchunguza na kuutengua mkataba ikigundua kwamba mteja alidanganya, na kwa kawaida katika kipindi hicho haimlipi aliyejiua.

Aliye mgonjwa tayari mlango huu umefungwa kwake, na hapo ndipo mpango unapoonyesha ukatili wake. Mwaka 2016 ilifahamika habari ya msichana wa miaka 14 nchini Uingereza, aliyekuwa akifa kwa saratani, aliyemwandikia jaji wa Mahakama Kuu akiomba matakwa yake ya kugandishwa yaheshimiwe. Wazazi wake walikuwa wametengana na hawakukubaliana, naye kwa umri wake hakuwa na haki ya kuandika wosia. Jaji Peter Jackson alimpa mama yake mamlaka ya kuamua juu ya mwili huo, na msichana akapelekwa Marekani. Gharama, pauni 37,000 hivi, zilipatikana kwa ndugu wa upande wa mama, kwa sababu hakuna kampuni ya bima ambayo ingemkubali mtoto katika hali ile. Bima ya maisha huwahudumia wale ambao kifo kwao bado ni hadithi ya mbali, na watu wa aina hiyo ndio wanaoahirisha.

Sasa nije kwenye mahali ambapo mikataba miwili inakutana, kwa kuwa ndiko tathmini yangu iliko. Krayoniki hupimwa kwa dakika. Moyo ukisimama na mwili ukabaki na joto, ubongo huanza kuharibika, na kila saa inayopita bila kupozwa hupunguza kile kinachohifadhiwa. Bima nayo hupimwa kwa wiki: daktari aandike cheti, mamlaka ikisajili, kituo kitume dai, kampuni ilichunguze, hasa kama kifo kimetokea ndani ya ile miaka miwili, ndipo fedha zitoke. Hii ina maana kwamba kituo hutumia makumi ya maelfu ya dola kabla ya kupokea hata senti moja, kikiamini kwamba bima ipo hai na jina lake limo. Kwa hiyo kituo kinapomsumbua mwanachama kila mwaka kikitaka uthibitisho wa bima, kisionekane kina tamaa. Anayechelewa kulipa ada miezi mitatu bila kutoa taarifa anaweza kuwa anasafiri na bangili ya uanachama mkononi isiyo na kitu nyuma yake.

Bangili hiyo nimeiona kwa karibu. Ni ya chuma, kama wanazovaa wagonjwa wa kisukari, na maandishi yake madogo yanampa yeyote atakayemkuta mvaaji maelekezo: simu ya saa zote, dawa ya kuzuia damu isigande, kichwa kizungushiwe barafu, mwili usipasuliwe kwa uchunguzi. Hilo la mwisho ndilo gumu kuliko yote. Kifo cha ghafla, cha ajali, cha kuuawa au cha kujiua kwa kawaida huleta uchunguzi wa maiti, na bangili haiwezi kuizuia mamlaka ya serikali. Katika hali kama hiyo bima itafanya kazi yake vizuri kabisa, fedha zote zitalipwa, na zitalipia kuhifadhi ubongo uliokaa siku mbili kwenye chumba cha maiti na kupasuliwa. Mteja mwenye ugonjwa wa muda mrefu ana nafasi nzuri zaidi kuliko kijana anayegongwa na gari, na vituo huwahimiza wagonjwa wahamie karibu navyo siku za mwisho. Baadhi ya bima huruhusu aliyethibitishwa kuwa mahututi achukue sehemu ya fedha kabla ya kufa, na sehemu hiyo inaweza kulipia uhamisho huo. Lakini kila dola inayochukuliwa hupunguza ile itakayofika kituoni, kwa hiyo mwenye bima iliyokatwa kwa kima cha chini hawezi kuitumia bila kujinyang'anya mwenyewe. Mkopo unaochukuliwa dhidi ya akiba ya mkataba una dosari iyo hiyo.

Upande mwingine wa mshono huo wa mikataba miwili ni familia. Ndugu wengi husikia habari hizi siku ya msiba, na wakati huo mtu aliyekuwa akitarajia mirathi hugundua kwamba dola 200,000 zinakwenda kwenye tanki. Bima ina faida kubwa hapa, nami naihesabu kuwa sifa yake bora kuliko unafuu wa ada: fedha za mnufaika aliyetajwa hazipiti kwenye mirathi, hazisubiri mahakama, na kwa kawaida haziguswi na wadai wa marehemu. Kuna wanaoharibu sifa hiyo kwa kuandika “mirathi yangu” katika nafasi ya mnufaika na kuacha maelekezo kwenye wosia, na matokeo yake madeni hulipwa kwanza na ndugu wakapata miezi ya kubishana. Vituo hutaka jina lao liandikwe wazi, na baadhi hutaka liwe la kudumu lisiloweza kufutwa bila idhini yao. Sharti hilo la mwisho linauma kidogo, kwani mtu akighairi akiwa na miaka 70 itambidi aombe ruhusa juu ya mkataba anaoulipia mwenyewe. Lakini ndilo linalomkinga dhidi ya ndugu atakayemshikisha kalamu akiwa mahututi.

Watu huniuliza kwa utani kama kampuni ya bima itadai fedha zake siku marehemu atakapofufuka. Mikataba niliyoisoma haina kifungu cha namna hiyo, na msimamo wa sheria hauna utata: cheti cha kifo kikishatolewa, fidia imeiva. Swali lililo na uzito zaidi ni ataishi kwa nini akirudi, na wenye uwezo hufungua amana ya pili ya kujiachia mali wenyewe. Hiyo ni biashara ya mawakili, na kwa mtu anayelipa ada kwa kujinyima naiona kuwa ni kuvuka daraja kabla ya kuufikia mto.

Kwa aliye na afya, chini ya miaka 45, anayeweza kulipia bima ya maisha yote bila kuikata ile inayowalinda wanaomtegemea, mpango huu naupa alama nzuri kama bidhaa ya fedha. Kwa mwenye watoto wadogo na bima moja tu, siushauri mpaka bima ya watoto iwe imesimama peke yake, katika hati tofauti yenye wanufaika tofauti. Kwa aliyevuka miaka 65 mwenye akiba, kulipa fedha taslimu mapema huenda kukawa rahisi kuliko kulipa ada ya uzee.

Kifungu kilichonichukua muda mrefu kuliko vyote hakikuwa cha bima. Kilikuwa katika makubaliano ya hifadhi, ukurasa wenye visanduku vya kuweka alama, ukiuliza nini kifanyike iwapo mwili wangu hautapatikana, kama vile kwa kuzama baharini au kuteketea kwa moto, au utapatikana ukiwa umeharibika kiasi kwamba hifadhi haina maana. Kisanduku cha kwanza kiliruhusu kituo kihifadhi chochote kitakachopatikana, hata kiwe kidogo namna gani, na kibaki na fedha. Cha pili kilivunja makubaliano na kurudisha kitakachosalia kwa mtu nitakayemtaja. Niliweka alama kwenye cha pili, nikaandika jina la dada yangu, na jioni ile ile nikampigia simu, kwa kuwa hakuwa na habari kabisa kwamba nilikuwa nikijaza karatasi hizo.